Vitisho Si Ushuru



Mtu akisimama stejini Thika au Ruiru na kumwambia dereva wa matatu atoe fedha, la sivyo gari litachomwa, huyo hakusanyi ushuru wala hatoi ulinzi. Ametenda jinai. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu kinalitaja kosa lake: kudai mali kwa vitisho au nguvu, kwa nia ya kuiba. Kosa hukamilika dai linapotamkwa, hata dereva asipotoa senti. Anayedai kwa barua ya vitisho aweza kufungwa miaka 14 chini ya kifungu cha 299.

Wapo wanaonong'ona kwamba aliyelipa ni mshiriki, basi anyamaze. Uongo mtupu! Aliyelipa kwa kuhofia maisha yake ni mlalamishi na shahidi.

Mungiki, waliojulikana kwa kutoza matatu, walipigwa marufuku mwaka 2002. Mwaka 2010 ikaja sheria dhidi ya magenge, yenye kifungo cha hadi miaka 15. Sheria tunazo, tunachokosa ni ujasiri wa kumshtaki mkubwa anayelilea genge akilingoja siku ya kura.

Yohana Mbatizaji aliwakataza askari kuwatoza watu kwa dhuluma. Kanisa litanyamazaje? Andikeni tarehe, mahali, kiasi na maneno yaliyotamkwa. Nendeni kituoni kwa pamoja, mdai nambari ya OB. Kifungu cha 2A hakikufutwa mwaka 1991 ili tuhamie utumwa mwingine.