Dk. Mvungi alikufa, lakini mama mdogo alipata wakili



Novemba ikifika huwa namkumbuka mtu ambaye sikuwahi hata kumpa mkono: marehemu Dk. Sengondo Mvungi. Wengi wetu tulikuwa bado watoto alipofariki, kwa hiyo ngoja niseme kwa kifupi alikuwa nani, halafu niseme kwa nini mtu wa Buguruni kama mimi ananihusu.

Alikuwa mwanasheria na mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2005 aligombea urais kwa NCCR-Mageuzi, akapata kura 55,819, hata asilimia 1 haikufika. Baadaye akawa mjumbe wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Mwanzoni mwa Novemba 2013 watu walimvamia usiku nyumbani kwake upande wa Kibamba, wakamkata mapanga. Akalazwa Muhimbili, akapelekwa Afrika Kusini, na tarehe 12 Novemba akafariki Johannesburg. Akazikwa kwao Mwanga.

Nchi ililia. Na kila anapokumbukwa, habari kubwa inakuwa katiba. Ni kweli inauma: tarehe 30 Desemba 2013 wenzake walikabidhi Rasimu ya Pili yeye akiwa kaburini. Bunge Maalumu likaibadilisha, serikali 3 zikaondolewa, kura ya maoni ya Aprili 2015 ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa. Ukimpima mzee kwa katiba tu, utasema kazi yake iliishia njiani.

Mimi nampima kwa kitu kingine.

Dk. Mvungi alikuwa mmoja wa waasisi wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa 1995. Kituo hicho kikaja kuwa na ofisi ya msaada wa kisheria hapa hapa Buguruni. Sio Posta, sio Masaki. Buguruni, kwenye vumbi letu, ulikuwa unafika kwa miguu.

Nilikuwa bado shule ya msingi mama mdogo alipoachika. Mumewe alimwambia nyumba ni yangu, wewe ulikuwa unakaa tu, hujaweka hata tofali. Alikuwa amepika, amelea na amefua kwenye ndoa ile miaka 14! Wakili wa kwanza aliyemwendea (jina kapuni) alimtajia hela ambayo mama mdogo hajawahi kuishika maishani. Akarudi nyumbani, akalala na kanga usoni.

Jirani ndiye aliyemwambia, dada, si uende pale kwa wanasheria wa bure? Akaenda. Wakamkalisha kwenye benchi, wakamsikiliza mpaka mwisho. Wakamweleza kwamba kesi ya talaka haianzii mahakamani, unapita kwanza baraza la usuluhishi, ndivyo Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka. Wakamwambia pia kuhusu kesi ya Bi Hawa Mohamed, ambapo Mahakama ya Rufani mwaka 1983 ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakushinda siku ile, lakini wanawake waliomfuata wamesimamia maneno hayo mpaka leo.

Wakamwandikia hati, wakamfundisha namna ya kujieleza mbele ya hakimu. Maana kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kusimama mahakama ya mwanzo, jambo lililokuja kulegezwa 2021. Ilikuwa lazima asimame mwenyewe. Akasimama! Hakupata nyumba yote, alipata fungu lake, na ndilo lililofungua genge ambalo ndugu zangu walisomea.

Sasa nauliza: siku ile Dk. Mvungi alikuwa wapi? Labda darasani, labda kwenye kikao. Hakumjua mama mdogo, wala mama mdogo hakumjua yeye. Na hapo ndipo ninapomheshimu. Wakili mwenye huruma akikusaidia wewe mkononi, siku akifa msaada unakufa naye. Yeye na wenzake walijenga mlango, na mlango haukuuliza nani kakutuma.

Mwaka 2017 ikatungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria wakatambuliwa rasmi. Ni hatua kubwa. Lakini sheria kwenye karatasi ni kitu kimoja, na benchi la kukalia mama wa mtaani ni kitu kingine. Piga hesabu mwenyewe: ukifukuzwa kazi bila haki una siku 30 tu kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mshikaji anayebeba mizigo hapa sokoni anajua hilo? Akija kujua, siku ya 45 imeshafika, na hapo ataanza kuombea muda.

Kwa hiyo tukimkumbuka mzee, tusiishie kwenye "apumzike kwa amani". Tuulize kila kata: mlango wa bure uko wapi, na nani anajua upo?

Mungu ailaze roho yake mahali pema.

Wewe kwenu ukidhulumiwa unaanzia wapi? Tiririka hapo chini, na kama unaijua ofisi ya msaada mtaani kwenu, itaje, kuna mtu anaitafuta leo.