Miraa Ikitafunwa Vizuri

Nilikuwa kwenye matatu ya kutoka Embu kwenda Meru, gazeti la Kiingereza mapajani, nikijaza fumbo la maneno. Mada ya siku ilikuwa mito ya Uingereza. Nilichukua neno “nerves”, nikavuruga herufi zake, nikapata Severn. Nikaandika jibu kwa furaha huku gari likivuka mto Thuci, mto ambao hakuna aliyewahi kuniuliza kwenye viboksi.

Nilishuka na hasira. Usiku huo nikachora viboksi vyangu, mada ikiwa barabara hii hii na miji yake, nikalituma fumbo kwa mhariri mmoja wa gazeti. Akajibu kwamba Kiswahili hakiwezi mchezo huo. Ati maneno yetu yote yanaishia kwa irabu, hayavurugiki.

Embu tuone.

“Kucha iliyovunjika, njiani kwenda Meru (5).” Chuka. “Umati umechanganyikiwa kwenye ngano, njia ya Nanyuki (5).” Timau. “Amua vibaya, ujikute Igembe (4).” Maua. Na ile ninayoipenda kuliko zote: “Miraa iliyotafunwa inakuwa thabiti (5).” Imara. Herufi tano zile zile, hakuna iliyoongezwa, hakuna iliyomezwa. (Meru yenyewe imenishinda, nakubali. Kichwa ngumu kama wenyewe.)

Hizo irabu anazozilaumu ndizo zinazotubeba. Silabi yetu kwa kawaida ni konsonanti na irabu nyuma yake, kwa hivyo ukipindua neno bado unabaki na kitu kinachotamkika. Vuruga Kiingereza uone: mara nyingi unapata kikohozi.

Na wenye lugha walilijua hili kitambo. Waswahili wa pwani walikuwa na kinyume, pale silabi ya mwisho inapotangulizwa ili mgeni asishike maneno. Edward Steere alichapisha mifano yake mwaka wa 1870. Lile fumbo la viboksi la Arthur Wynne, ambalo linahesabiwa kuwa la kwanza, lilitoka kwenye New York World mnamo Desemba 1913. Halafu simama stage yoyote leo: stori ni risto. Msee anayesema risto ameshapindua silabi, na hakuomba ruhusa ya mhariri.

Shida ya kweli ipo, lakini si hiyo. Vitenzi vyetu hubeba viambishi mpaka neno moja linakuwa sentensi nzima. Je, “nimeamua” liingie? Mimi nasema lisiingie: kilichoorodheshwa kwenye kamusi kinaingia, kingine kibaki nje. Bishaneni nami hapo, hayo ni mabishano ya watu wanaocheza.

Kinachoniuma ni kwamba mafumbo ya Kiswahili ninayokutana nayo ni mtihani uliovaa viboksi: kisawe cha hiki, wingi wa kile. Tumelelewa na Kiswahili cha insha na kalamu nyekundu, kisha tunashangaa kijana akitaka kuchekesha anakimbilia Kiingereza. Alifundishwa wapi kwamba hiki chake pia kina mzaha? Shuleni alikatwa alama. Gazetini anaulizwa maswali yale yale ya shuleni, na pesa ya gazeti amelipa.

Mhariri, wiki hii nalituma tena, na nimeongeza moja. Jibu sikupi: “Wema uliopondwa, pishori yake unaila kila Jumapili (4).”