ISHARA YA "NDOGO KULIKO" SI YA KILA KITU

Wahenga walinena kwamba vidole vya mkono havilingani. Lakini havilingani kwa kipimo gani? Urefu, unene ama kazi? Hilo ndilo swali linalomkabili mwandishi wa programu anapozipa maana mpya ishara za kulinganisha kama < (ndogo kuliko) na > (kubwa kuliko).

Tuchukue lugha ya Python iliyotolewa mwaka wa 1991. Ukiiuliza kama "A" ni ndogo kuliko "B", itajibu ndiyo, kwa sababu inafuata alfabeti. Lo! Sisi wa kidato cha tatu twajua vyema kwamba katika KCSE A ni pointi 12, B ni pointi 9 na E ni pointi 1. Dawa ni kubuni klasi, yaani aina yako mwenyewe ya kitu, uiite Gredi. Ndani yake uandike maagizo yaitwayo __lt__ yanayosema: linganisha pointi, wala si herufi. Basi, tangu hapo < itasema kweli.

Wapo wanaodai kwamba ishara hizi zisiguswe kabisa. Ndivyo ilivyo katika Java, iliyotangazwa mwaka wa 1995: mwandishi haruhusiwi kuzipa maana yake. Mimi nawapinga. Gredi zina mpangilio mmoja unaojulikana na wote, kwa hivyo ishara hurahisisha usomaji.

Sasa hebu tubuni klasi ya Mwanafunzi. Nani yuko chini ya nani? Kwa umri, kwa maksi, ama kwa mbio? Klasi huwa na maana moja tu ya <. Ukiweka maksi humo, umeamua kimyakimya kwamba mtu ni maksi zake, na msomaji wa programu hatauona uamuzi huo kwenye ishara. Kumbe Python inakuruhusu kutaja kipimo kila unapopanga orodha: leo maksi, kesho umri. Kwani kuna ubaya gani kusema waziwazi?

Tena usipoipa maana ya <, Python hukataa katakata kuwalinganisha wanafunzi wawili, ikatoa hitilafu. Ikiwa mashine haithubutu kukisia, mbona sisi tuharakishe?

Rai yangu kwa wenzangu wa somo la Kompyuta ni hii: ipeni Gredi ishara, Mwanafunzi mwacheni. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.