Majani ya Mei, Maziwa ya Oktoba



Juma lililopita, nilipokuwa nikifunga ofisi ya parokia, walinijia majirani watatu wakiwa na ombi. Sisi ni nyumba kumi na mbili, wengine upande wa Nachingwea na wengine upande wa Ruangwa, na kila nyumba ina ng'ombe wa maziwa mmoja au mbuzi wachache. Walitaka niwaandikie barua ya kuomba mkopo, ili tununue kwa shirika mashine ya kukata majani ya mifugo. Kazi yangu ni kuandika, wala sikuwakatalia. Lakini kabla ya kuandika nimeona yafaa tushauriane hapa, maana najua wako wengine wenye mawazo kama hayo.

Mashine wanayoitaka huvutwa na trekta. Ina ngoma mbili za chuma zisimamazo wima, na chini ya kila ngoma vimefungwa visu vinavyoning'inia. Shafti itokayo nyuma ya trekta huzizungusha ngoma kwa kasi kubwa, visu hunyooka na kukata majani karibu na ardhi, na majani yaliyokatwa hupita katikati ya ngoma na kulala mstari mmoja. Mashine za namna hii zilianza kuenea katika miaka ya 1960 kutoka Uholanzi, nchi ya ng'ombe wa maziwa. Ile ya upana wa mita 1.65 yahitaji trekta la nguvu za farasi 40 hivi, na shamba likiwa safi yaweza kumaliza eka moja na zaidi kwa saa moja. Mtu mwenye fyekeo, hata akiwa hodari, eka hiyo itamchukua siku kadhaa.

Basi ni kwa nini nisiandike barua upesi? Sikilizeni yaliyonipata mimi mwenyewe.

Mwaka juzi sikuweka akiba yoyote ya majani. Mvua zilipokwisha nilimwachia ng'ombe wangu ajitafutie. Moto ukapita porini mwezi wa Agosti, na mwezi wa Oktoba alikuwa mifupa mitupu. Maziwa yalikauka, nami nikamwuza kwa bei ya aibu. Fedha ya maziwa hayo ndiyo iliyokuwa ikilipa madaftari na sare za watoto wangu. Nilisoma chuo cha ualimu, nikafundishwa kupanga kazi ya mwaka mzima, lakini sikupanga chakula cha mnyama mmoja!

Mwaka jana nilinunua mtamba, nikasema sitarudia kosa. Mwezi wa Aprili tulichanga fedha nyumba nne, tukakodi trekta na mashine ya ngoma kwa siku moja. Katika shamba la kwanza visu viligonga kisiki cha mkorosho kilichofichwa na majani. Kipande cha chuma kiliruka, kikajikita katika mti ambapo watoto walikuwa wamesimama muda mfupi kabla. Mungu ni mwema, hakuna aliyeumia. Visu vikabadilishwa, tukahamia shamba lisilo na visiki, na kwa saa mbili eka tatu zikawa zimelala chini. Tulipiga makofi. Lakini tulikuwa watu wanne tu wa kugeuza majani yale, na siku ya pili mvua ilirudi. Tuliokoa eka moja. Zile mbili zilizobaki ziligeuka nyeusi, zikanuka uvundo, na hata mbuzi walizikataa.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kukata ni sehemu moja tu ya kazi. Baada ya kukata kuna kutandaza, kugeuza, kukusanya, kufunga na kuweka ghalani. Mashine huharakisha ile ya kwanza, na zilizobaki hutungoja sisi. Ukikata kuliko uwezavyo kukausha, umeiharibu mali yako kwa haraka zaidi.

Mzee mmoja wa hapa, aliyekuwa mtoto wakati wa karanga, aliposikia habari hii alicheka akaniambia, "Karani, trekta halisomi udongo. Asomaye ni mwenye shamba."

Wazee wa Nachingwea wana haki ya kusema hivyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Wajumbe waliotumwa mwaka 1946 kuichunguza nchi walitumia wiki tisa tu, na sehemu kubwa waliitazama kutoka angani. Kisha yakaletwa matrekta mengi, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mizizi na visiki vilivunja vyuma. Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zisiweze kung'olewa. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na paundi milioni 36 na zaidi zikahesabiwa kuwa zimepotea. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga kutoka pwani hadi Nachingwea ilifungwa mwaka 1962. Lakini angalieni jambo hili: huko Kongwa karanga ziliposhindwa, majani yalistawi, na mahali pale pakawa ranchi ya ng'ombe mpaka leo. Ardhi ilikuwa na jibu lake tangu mwanzo, ila hakuna aliyeiuliza.

Basi na sisi tuiulize ardhi yetu. Kwanza, wakati wa kukata. Majani huwa na nguvu nyingi yanapoanza kutoa maua. Yakishazaa mbegu shina huwa gumu, na mnyama hujaza tumbo asishibe. Kwetu majani mengi hufikia hali hiyo mvua zikiwa bado hazijakoma. Ukikata mapema mno, mvua itayaozesha kama ilivyoozesha yangu. Ukingoja mpaka Julai, utavuna vijiti. Nafasi yetu ni fupi, tangu mwisho wa Aprili hadi Mei, mvua zinapokatika. Na kwa sababu nafasi ni fupi, nakiri kwamba mashine ina faida. Fyekeo peke yake halimalizi eka nyingi kwa muda huo.

Pili, majani yaliyo chini ya mikorosho. Kila mwaka tunayafyeka ili tupate kuokota korosho, kisha tunayachoma. Hicho ni chakula tunachokitia moto. Yakateni Mei, kabla ya kupulizia salfa na dawa za ubwiri unga. Majani yaliyokwisha kupata dawa msimpe mnyama.

Tatu, kukausha. Tandazeni, mgeuze mara mbili kwa siku, na jioni mkusanye mafungu madogo yasipate umande. Baada ya siku mbili au tatu za jua twaeni konzi ya majani, mkaisokote. Shina likivunjika pasipo kutoa maji, yako tayari. Yakiwekwa mabichi hupata joto na ukungu, na fungu kubwa laweza hata kuwaka lenyewe.

Nne, kipimo. Ng'ombe wa kilo 250 hula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Tangu Julai hadi Novemba ni siku 153, yaani kilo 918. Fundi seremala aweza kuwatengenezea sanduku lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimeta 85, upana 55, kina 45. Mnalaza kamba mbili, mnajaza majani, mnakanyaga kwa miguu, kisha mnafunga. Robota moja likiwa kilo 15, ng'ombe huyo atahitaji marobota 61. Akipata malisho mengine nje, hata 30 yatamvusha. Yawekeni juu ya miti, yasiguse ardhi, chini ya paa lisilovuja. Mimi mwaka jana nilipata 27 katika mgawo wangu, na mtamba wangu alifika Desemba akiwa na manyoya ya kung'aa.

Jambo hili lina uzito kuliko zamani. Tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Ihefu na wengine kuelekezwa mkoani Lindi, ng'ombe wameongezeka huku kwetu. Wakati wa kiangazi majani huwa machache, na ugomvi huzaliwa mashambani. Mwenye robota ghalani hana haja ya kugombana na jirani.

Nimewajibu hivi majirani zangu. Mwaka huu tusikope. Kila nyumba ing'oe visiki na kusawazisha vichuguu katika eka moja. Kila nyumba ijenge banda na kutengeneza sanduku. Mwezi wa Mei tukodi mashine kwa zamu: leo eka za nyumba mbili, na nyumba zote kumi na mbili zije kugeuza, zikikauka, ndipo tukate nyingine. Watoto na mbwa wakae mbali kabisa. Mtu asiikaribie mashine mpaka shafti imezimwa na ngoma zimesimama kabisa, maana huendelea kuzunguka hata trekta likinyamaza. Na asisogee karibu na shafti mtu aliyevaa kanga au nguo inayopepea.

Mabanda yote kumi na mawili yakijaa, mwezi wa Juni nitaandika ile barua kwa mkono wangu, na hesabu zake zitakuwa za kweli. Yasipojaa, tutakuwa tumeokoa deni.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Nadhani waliwahi kugeuza majani.

Wenu,
Karani wa Parokia