Vishikwambi Vimeingia, Maswali Yametoka

Nianze kwa kusema wazi, ili asiyetaka kuendelea akunje karatasi yake mapema: Maarifa ya Jamii, pamoja na ndugu zake Historia na Uraia, ndiyo masomo yanayofundishwa vibaya kuliko yote katika shule zetu, na hakuna kompyuta itakayoyaokoa. Wako watakaonuna. Wanune tu. Hesabu ni ya dunia nzima, na fizikia ni vivyo hivyo. Lakini Maarifa ya Jamii ni habari za babu yako, mtaa wako, mwenyekiti wako wa serikali ya mtaa na bei ya fungu la nyanya pale gengeni. Sasa inakuwaje somo linalotuhusu sisi wenyewe ndilo linalotutia usingizi?

Ukiuliza swali hili mbele ya wakubwa utajibiwa haraka haraka: vifaa! Shule hazina vifaa. Lete kompyuta, lete projekta, lete intaneti, mtoto atapenda somo. Jibu hili linapendwa na kila mtu kwa sababu halimlaumu mtu yeyote, linalaumu pesa tu. Mimi nasema ni jibu la kukwepa, na ushahidi ninao.

Tukumbuke Agosti 2022. Makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi mikononi. Wakakaribishwa viti, wengine mkeka, wakauliza: mlilala wangapi humu? Nani anasoma, nani hasomi? Maji mnayapata wapi? Mnapikia nini? Choo chenu ni cha namna gani? Walipomaliza, taifa likaijua hesabu yake: watu 61,741,120. Ndugu zangu, lile ndilo lilikuwa somo kubwa kabisa la Maarifa ya Jamii kuwahi kufanyika katika nchi hii siku za karibuni. Nchi nzima ilikuwa darasa. Na baadhi ya makarani hao walikuwa walimu hao hao tunaowaona na chaki.

Sensa ilipokwisha, Serikali ikaamua vishikwambi vile wapewe walimu. Uamuzi mzuri, sina ugomvi nao. Lakini tazama kilichotokea mashine ile ile ilipovuka mlango wa darasa. Mkononi mwa karani ilikuwa inauliza. Mkononi mwa mwalimu imekuwa ya kutoa majibu tu, tena pale inapotumika, maana kuna mahali inalala kabatini kwa mkuu wa shule ikisubiri mkaguzi. Mwalimu anafungua kitabu cha kiada ndani ya kioo, anasoma, watoto wanaandika. Jana alikuwa anasoma kwenye karatasi, leo anasoma kwenye kioo. Tofauti ni chaji!

Waliosoma shule nilizosoma mimi wanaujua utaratibu. Mwalimu anaingia, anamkabidhi kiranja daftari, kiranja anajaza ubao, darasa linanakili mpaka kengele. Hayo ndiyo madesa. Yakishanakiliwa yanakaririwa, yakishakaririwa yanamwagwa kwenye karatasi ya mtihani, na jioni yake kichwa kiko cheupe kama chungu kilichooshwa. Shule moja niliyopitia ilikuwa na chumba cha kompyuta. Kompyuta zilifunikwa vitambaa vya kufuma, kama redio ya bibi harusi. Tulikuwa tunaingia mle kufagia.

Hebu tuchukue mada moja tu, Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kila aliyepita sekondari anazijua zile hoja sita za kwa nini wazee wetu walishindwa: silaha duni, kukosa umoja, kuamini maji, na kuendelea. Sita kamili. Ukitaja tano umepoteza maksi, ukitaja saba umepoteza muda. Lakini ni darasa gani liliwahi kuuliza hili: mtu mzima mwenye akili zake timamu, ana mke, ana watoto, ana shamba, alifikishwa wapi mpaka akaona ni afadhali aikabili bunduki kwa maji na mkuki? Kodi ile ilikuwa nzito kiasi gani? Kile kiboko kwenye shamba la pamba la lazima kilikuwa kinaliaje? Ukiuliza hayo mwalimu atakwambia hayapo kwenye silabasi. Na kwa miaka mingi hoja hizo sita zimekaririwa sekondari kwa Kiingereza, ili mtoto akirudi nyumbani asiweze hata kumuuliza babu yake kama anayoyasoma ni kweli.

Msidhani nadai jambo lisilowezekana. Liliwezekana, tena kabla ya kompyuta. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Mlimani, chini ya wanahistoria kama John Iliffe na Gilbert Gwassa, walitumwa kwenda sehemu zilizopiganwa vita hivyo kuwasikiliza wazee. Walikuwapo bado waliokuwa watoto au vijana wakati wa vita. Vijana wale walikwenda, wakakaa, wakauliza, wakaandika. Bila kazi ile tungebaki na maneno ya Mjerumani peke yake. Na angalieni ninyi mnaotaka kuandika: mwaka uliofuata, 1969, ikachapishwa tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Wakati swali linaulizwa vijijini, fasihi nayo ilikuwa inaliuliza jukwaani. Je, hiyo ilitokea kwa bahati tu?

Vijana wa Dar es Salaam, haya ya kwetu tunayajua? Kariakoo tunapita kila siku tunauziwa viatu. Jina hilo limetokana na kambi ya Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, watu weusi waliobebeshwa mizigo ya vita visivyowahusu na kufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mtoto anasoma shule hatua mia tatu kutoka sokoni na hajawahi kupelekwa pale na kuambiwa: simama, hili jina lina watu ndani yake.

Nenda Posta, kwenye ile Sanamu ya Askari iliyozinduliwa 1927. Wenyeji wa zamani wanaiita Bismini, na jina hilo linatokana na Wissmann, gavana Mjerumani ambaye sanamu yake ilisimamishwa mjini humu kabla Waingereza hawajaing'oa. Ikasafirishwa hadi Ulaya, ikasimikwa Hamburg mbele ya chuo kikuu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kijerumani wakaiangusha. Ajabu iliyoje! Vijana wa Hamburg walimjua Wissmann kiasi cha kumfunga kamba, sisi tuliotawaliwa naye tunapita pale Bismini tukiwahi daladala. Nauli ya kwenda Posta ni kifaa cha kufundishia. Haihitaji umeme.

Sasa nisisingiziwe kuwa naichukia teknolojia. Sivyo kabisa. Nchi hii imewahi kuitumia vizuri, na teknolojia yenyewe ilikuwa redio ya mawe. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wanaokaribia milioni mbili walijiunga katika vikundi vijijini. Waliketi pamoja wakasikiliza kipindi, kipindi kikiisha redio ikazimwa. Sikilizeni hapo: ikazimwa! Kisha wakasoma kijitabu kwa pamoja, wakajadili yale waliyoyasikia kwa kuangalia kijiji chao wenyewe, halafu wakainuka kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kufyeka vichaka. Redio ilianzisha mazungumzo, watu wakayamaliza kwa majembe. Hiyo ndiyo teknolojia ya kufundishia jamii. Kifaa kinachosema peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho ni mhubiri mwingine tu, hata kama kina rangi na muziki.

Kosa tunalolifanya na kishikwambi tuliwahi kulifanya na jembe. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule ijenge vijana wenye akili ya kudadisi, na kazi za mikono ziende pamoja na udadisi huo. Shule nyingi zikalichukua jembe zikaiacha akili. Wanafunzi wakalima shamba la mwalimu, ikaitwa kujitegemea. Kisha 2005 mitaala ya sekondari ikageuzwa, ikaambiwa sasa ni ya umahiri, mwanafunzi atende asikariri. Zikabaki hoja sita. Na mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikaletwa mashine ya kusahihisha mtihani wa darasa la saba, watoto wakashinda wakifundishwa kutia weusi kiduara bila kutoka nje ya mstari. Kila zama tunachukua kifaa, tunaliacha swali.

Hivi sasa kuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili napiga makofi mawili, mtoto na babu wataelewana. Lakini hilo jina la pili linanitia mashaka. Historia ikifungwa kamba moja na maadili, nachelea itageuka mahubiri: mashujaa wote wasafi, wasaliti wote wageni, na sisi tunaambiwa tuwe watoto wazuri. Maadili ya kweli hayapatikani kwa kuambiwa. Yanapatikana kwa kuona watu walivyochagua walipobanwa, na kujiuliza wewe ungechagua lipi.

Najua walimu watanijibu: wewe kijana unaongea tu, ingia darasa lenye watoto themanini uone! Nawaheshimu walimu wangu, na najua mshahara wao na safari zao. Lakini hoja hiyo naigeuza. Darasa la watoto themanini ni balaa kwa anayetaka kuhubiri. Kwa anayetaka kuuliza, ni makarani themanini. Watume! Kila mmoja akaulize nyumbani kwao: tulihamia mtaa huu lini, tulitoka wapi, kwa nini? Kesho wanarudi na majibu themanini, mnachora ramani ubaoni, na hapo mna uhamaji, ardhi, ajira na ukabila mbele ya macho yenu, kwa chaki moja. Hapo ndipo kishikwambi kipate kazi yake ya zamani: kurekodi sauti za wazee, kupiga picha za majengo kabla hayajavunjwa, kujumlisha hesabu. Na Uraia je? Mtoto anakariri maana ya demokrasia mistari mitatu, wakati Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kisheria kila baada ya miezi mitatu na hajawahi kupelekwa hata mmoja akaketi nyuma asikilize mapato na matumizi yakisomwa. Kama yanasomwa.

Na hapo, nadhani, ndipo tumefika kwenye mzizi. Swali linaogopwa. Mtoto aliyezoea kuuliza kwa nini Mjerumani alitoza kodi ile, kesho atauliza mchango wa madawati ulikwenda wapi. Aliyezoea kukariri hoja sita hatauliza, atangoja apewe ya saba. Ndiyo maana kila mtu yuko radhi kununua kompyuta na hakuna aliye radhi kuruhusu mjadala. Kompyuta ukiichoka unaizima. Mtoto anayeuliza utamzima kwa swichi ipi?

Kwa nini nayaleta haya kwenye jarida la waandishi badala ya kuyapeleka kwa maofisa elimu? Kwa sababu hasara ni yetu. Msomaji aliyefundishwa kwamba zamani ni orodha ya hoja hawezi kuitaka riwaya. Na sisi wenyewe tumeathirika: tunaandika wahusika wasio na mtaa wala ukoo, wanaopendana katika miji ya kwenye sinema, kwa sababu hatukufundishwa kuutazama mji wetu. Mimi nina riwaya ninayoiandika, na nikitaka kujua foleni ya sukari kwenye duka la kaya ilikuwaje miaka ya mwanzo ya themanini sipati kitu kwenye madesa yangu. Inabidi nikae barazani na akina mama waliopanga foleni ile.

Basi tusiwangoje. Wengi wetu tuna simu yenye kinasa sauti ambayo tunaitumia kusambaziana vichekesho. Watu waliohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya sabini wapo. Waliopigana Vita vya Kagera, 1978 na 1979, wapo, wanauza magazeti na kulinda mageti. Hawatakuwapo siku zote. Kila anayetaka kuitwa mwandishi katika kurasa hizi amtafute mmoja, amsalimie kwa adabu, akae chini, aulize, na akishauliza anyamaze asikilize. Akiyaandika ayapeleke pia kwa mwalimu wake wa zamani, ayasome mbele ya darasa, na watoto waachwe wabishane mpaka kengele igongwe na hakuna aliyesikia.

Akitokea mkaguzi akauliza hoja ni ngapi, ajibiwe kwamba bado tunahesabu.