MANENO MAKUBWA YA KIINGEREZA YANATUPELEKA WAPI?

Ndugu msomaji, kabla sijasema ninalotaka kusema, naomba nikuulize swali moja. Ukiamshwa usiku wa manane uulizwe maana ya neno "quintessential", utajibu? Usicheke. Hapa shuleni wako wanafunzi wengi wanaolitumia neno hilo kila wiki, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sikuandika makala haya ili nimcheke mtu. Nataka kueleza kwa nini mimi, niliyejaza madaftari mawili maneno magumu ya Kiingereza, sasa naona kwamba namna tunavyojifunza maneno hayo ni mbaya, na kwamba zile alama za msamiati katika mdahalo wetu wa Ijumaa ziondolewe.

Nianze na madaftari. Nilipoingia kidato cha kwanza nilikuta ubao karibu na maktaba ambao kila asubuhi hubandikwa neno jipya la Kiingereza na maana yake kwa ufupi mno. Nikawa nanakili. Sisi wa shule ya kutwa tuna njia ndefu ya kwenda nyumbani, basi njiani nilikuwa nikiyakariri kama mtu anayesali: abominable, bellicose, cantankerous. Kufika mwisho wa kidato cha pili nilikuwa na maneno mia sita na kitu. Vijana wa mtaani wakanipa jina la Profesa. Sikukasirika hata kidogo. Kusema kweli nililipenda.

Muhula wa tatu mwaka jana mama alihitaji barua ya kuomba basari. Shule ya kutwa haina karo kubwa kama ya bweni, lakini pesa za chakula cha mchana na ada nyingine ndogo ndogo zilikuwa zimetushinda, na nilikuwa nimeshatumwa nyumbani mara mbili. Mama ana kibanda cha mboga. Alisoma hadi darasa la saba. Akaniambia, "Wewe ndiwe mwenye Kiingereza, andika."

Nilikaa chini usiku huo kana kwamba naandika mtihani wa KCSE. Nilitaka kamati ijue kwamba huyu anayeomba si mtoto hivi hivi. Nilipofika mahali pa kueleza hali ya nyumbani nilitafuta neno la kusema kwamba mama hana pesa. "Poor" niliona ni neno la darasa la pili. Nikafungua daftari langu, nikakuta nimeandika: parsimonious, asiyetumia pesa. Nikajiambia, si ndiye mama huyu? Mama hatumii pesa, kwani pesa zenyewe ziko wapi! Neno likaingia. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba karo yangu haijalipwa kwa sababu mama yangu ni "parsimonious" sana. Mama akatia sahihi bila kuuliza, maana aliniamini.

Ndugu msomaji, "parsimonious" ni bahili. Ni mtu mwenye pesa ambaye hataki kuzitoa.

Siku ya kamati wazazi waliitwa mmoja mmoja mbele ya wenzao. Zamu ya mama ilipofika, mmoja wa wanakamati aliisoma ile sentensi kwa sauti, kisha akamfasiria: "Mama, mtoto wako anasema wewe ni bahili, ndiyo maana hujamlipia. Ni kweli?" Watu wakacheka. Mimi sikuwako, niliyapata hayo kwa jirani. Mama mwenyewe hakusema neno mpaka jioni. Alikuwa akikatakata sukuma wiki, na bila kuinua macho akaniuliza, "Mimi nimekunyima nini?"

Basari hatukupata muhula ule. Sitadai kwamba ni kwa sababu ya neno lile, huenda pesa zilikuwa chache na waombaji wengi. Lakini swali la mama sijaweza kulitua.

Najua wako watakaosema kwamba kosa ni langu, si la maneno. Ningefungua kamusi. Nakubali, ila ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni hii: kwa nini nililidharau neno "poor", wakati ndilo lililokuwa la kweli? Nililidharau kwa sababu hapa shuleni tumefundishana kwamba neno fupi ni la watoto wadogo. Hakuna mwalimu aliyesema hivyo darasani. Tumejifunza kwa makofi.

Mkumbuke mdahalo wa muhula uliopita, kama shule za kutwa ni bora kuliko za bweni. Dada mmoja wa kidato cha pili alisimama akaeleza jinsi anavyoamka saa kumi na moja, achote maji, apike chai, atembee hadi shuleni, na jioni asome kwa taa ya koroboi baada ya wadogo zake kulala. Kila neno alilotumia ningeweza kumfasiria nyanya yangu. Akafuata mwenzetu wa kidato cha nne, akarusha "ubiquitous", akarusha "notwithstanding", akamalizia kwa ile "quintessential" yetu. Ukumbi ulitikisika! Waamuzi wakampa ushindi, kwa sababu karatasi yao ina sehemu ya msamiati na yule dada hakupata kitu hapo. Baadaye nilimvuta kando nikamuuliza neno lile la mwisho lina maana gani. Akaniangalia, akasema, "Ni neno kubwa." Jamani!

Jambo la ajabu ni kwamba wanaoishi kwa maneno wenyewe hawaishi hivyo. Chukua kamusi ya Oxford Advanced Learner's iliyo kwenye rafu ya maktaba. Maneno yaliyomo ni makumi ya maelfu, lakini maelezo yake yameandikwa kwa kutumia takribani maneno 3,000 ya kawaida, yale yale tunayoyaonea haya. Kwa nini? Kwa sababu neno gumu likielezwa kwa neno gumu lingine, msomaji hubaki palepale. Samuel Johnson, Mwingereza aliyetoa kamusi yake maarufu mwaka wa 1755, alipofika kwenye neno la wavu alilieleza kwa maneno kama "reticulated" na "decussated", na mpaka leo watu humcheka kwa hilo. Mtoto wa mvuvi wa Lamu au wa Homa Bay angemwonyesha wavu wenyewe, shughuli ikaisha.

Na lile neno la herufi 45 ambalo wavulana wa kidato cha pili hushindana kulitamka, pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis? Mnajua lilikotoka? Lilitengenezwa Marekani mwaka wa 1935 na wapenzi wa mafumbo ya maneno, ili tu liwe refu. Daktari anayemtibu mtu aliyeugua mapafu kwa vumbi la mawe husema "silicosis" na kuendelea na kazi. Ugonjwa wenyewe si mchezo, wachonga mawe huupata machimboni. Sisi tunaruka na jina tukisahau kikohozi.

Asije mtu akadhani nimeyachukia maneno. La hasha! Bado nayapenda, na madaftari yangu sijayachoma. Kuna maneno adimu ambayo yakishaingia kichwani hayatoki, kwa sababu yana mzizi unaoushika. Mwalimu wetu alitueleza kwamba ndani ya "procrastinate" mna neno la Kilatini "cras", yaani kesho. Tangu siku hiyo sijalisahau, kwa kuwa mtu huyo nimemwona: ndiye anayesema kesho, kesho, mpaka mtihani ukamkuta. Kuna na "petrichor", harufu ya udongo mkavu unaponyeshewa. Neno hilo lilibuniwa na wanasayansi wawili wa Australia mwaka wa 1964. Mvua ya kwanza ya Machi ikianguka njiani ninapotoka shuleni, nalisema peke yangu kimoyomoyo. Neno kama hilo ni adimu lakini lina kazi, halikuja kunipamba.

Tena tusijitie hamnazo, sisi wa Chama cha Kiswahili. Na sisi tumo. Nani kati yetu hajaandika insha yenye "ghulamu" na "banati" ndani yake, hali nyumbani anasema kijana na msichana? Nani hajaziba pengo la hoja kwa methali tatu zinazofuatana kama mabehewa? Ugonjwa ni ule ule, umebadili sare tu.

Ninalopendekeza ni machache. La kwanza nimeshalisema, waamuzi wafute alama za msamiati katika mdahalo, na badala yake mtu yeyote ukumbini awe na ruhusa ya kunyanyua mkono na kumwomba msemaji aeleze neno alilotumia. Akishindwa, apoteze alama. Mtaona jinsi "quintessential" itakavyopungua! La pili, ule ubao wa maktaba usibandikwe neno na maana ya maneno mawili. Kila neno lije na sentensi nzima kutoka kitabu tunachosoma, tujue nani alilisema, kwa nani, na kwa nini. Kama ningeliona "parsimonious" likitumiwa kwa tajiri mmoja mwenye kufuli sita, nisingelipeleka kwa mama yangu. Wiki nzima kwa maneno matatu inatosha. Mia sita yangu yalinifaa nini?

Muhula wa kwanza mwaka huu fomu za basari zilitoka tena. Mama hakuniambia niandike, nilijitolea mwenyewe. Nilikuwa nimesoma katika Katiba ya 2010, kifungu cha 7, kwamba lugha rasmi za nchi hii ni Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo barua nikaiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Niliandika kwamba mama anauza mboga, kwamba tuko watoto wanne, na kwamba biashara huwa mbaya zaidi wakati wa kiangazi. Nikaiweka mezani mbele yake pamoja na kalamu. Mama alifuta mikono kwa leso, akaisogeza karibu na taa, akaisoma pole pole kutoka juu hadi chini. Mahali pamoja alinisahihisha idadi ya miaka aliyouza mboga. Nikakata, nikaandika upya. Akaisoma tena yote, halafu akatia sahihi.