Bunduki ya kazi isilale nyumbani

Zamu ya usiku inaisha saa 12 asubuhi. Askari amechoka, kituo kiko mbali, daladala zimejaa na jioni ileile anatakiwa kurudi lindoni. Anajiuliza kuna haja gani ya kupita kituoni kurudisha bunduki halafu aifuate tena baada ya saa chache. Anaamua kwenda nayo nyumbani. Akifika anaisukuma uvunguni mwa kitanda, anakunywa chai, analala. Mchana watoto wanatoka shule, mpira wao unabingirika hadi chumbani kwa baba na kuingia uvunguni.

Familia nyingi za askari, mgambo na walinzi zinaijua hali hii, hata kama hazijawahi kuizungumza. Kwenye daftari la kituo bunduki hiyo bado haijapotea. Namba yake ipo, na jina la aliyeichukua lipo. Lakini kwa dakika hizo chache hakuna mtu mzima anayejua iko mikononi mwa nani, na bunduki nyingi za serikali zinazoishia mikononi mwa wahalifu huanza kupotea kwa uzembe mdogo wa namna hiyo.

Habari za silaha za polisi na jeshi kuibwa huandikwa kwenye kurasa za uhalifu, na mzazi huzipita haraka akidhani hazimhusu. Zinamhusu. Bunduki hiyo ikishatoka mikononi mwa dola huenda kwenye mtaa wa mtu, na mara nyingi huishia kwenye mwili wa mtoto wa mtu.

Zinavyopotea

Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria kuwa mwaka 2017 majeshi ya dunia yalikuwa na bunduki zipatazo milioni 133, na vyombo vya polisi karibu milioni 23. Silaha hizo ndizo zinazotarajiwa kutunzwa vizuri kuliko zote, kwa sababu zina ghala, mlinzi na daftari. Hata hivyo hupotea, na hupotea kwa njia kuu tatu.

Ya kwanza ni kuporwa kwa nguvu. Tanzania inaikumbuka vizuri. Septemba 2014 kituo cha polisi cha Ushirombo, wilayani Bukombe, kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Januari 2015 ikawa zamu ya kituo cha Ikwiriri, Rufiji. Julai 2015 watu wenye silaha walivamia kituo cha Sitakishari, Ukonga, Dar es Salaam. Watu saba walikufa, wanne wakiwa askari polisi, na bunduki zikaporwa. Kila askari aliyeuawa usiku ule alikuwa ametoka nyumbani kwake akiwa ameaga watu.

Njia ya pili ni uzembe. Mwaka 2015, jijini San Francisco, Marekani, bastola ya kazi ya ofisa wa serikali iliibwa ndani ya gari lililokuwa limeegeshwa. Siku chache baadaye risasi iliyotoka kwenye bastola hiyo ilimuua mwanamke kijana aliyekuwa akitembea na baba yake ufukweni. Jimbo la California lilitunga sheria inayomtaka hata askari anayeacha bastola garini aifungie kwenye buti au kwenye kisanduku chenye kufuli. Kwa upande wa jeshi, uchunguzi wa shirika la habari la Associated Press uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kuwa bunduki zisizopungua 1,900 za jeshi la Marekani zilipotea au kuibwa katika miaka ya 2010, na baadhi zilionekana tena kwenye matukio ya uhalifu. Kama jeshi lenye fedha kuliko yote linapoteza bunduki, hakuna ghala la kuliamini kwa macho yaliyofumbwa.

Njia ya tatu ndiyo inayouma zaidi: mtunza ghala mwenyewe kuwa mwizi.

Kilichotokea Cape Town

Nchini Afrika Kusini, wananchi waliombwa kwa miaka mingi wasalimishe bunduki wasizozihitaji. Wazazi wengi waliitikia, wakaona heri kifaa hicho kitoke nyumbani kwao. Bunduki hizo, pamoja na nyingine zilizokamatwa na polisi, zilitakiwa kuharibiwa.

Kanali wa polisi aliyekuwa na dhamana juu ya silaha hizo, Christiaan Prinsloo, hakuziharibu zote. Aliziuza. Mwaka 2016 alikiri makosa mahakamani na kuhukumiwa kifungo cha miaka 18. Bunduki zilizopitia mikononi mwake zinakadiriwa kufika 2,000. Nyingi zilifutwa namba na kuishia kwa magenge ya Cape Flats, vitongoji vilivyo nje kidogo ya Cape Town. Wataalamu walipolinganisha maganda ya risasi, walizihusisha bunduki hizo na mauaji zaidi ya 1,000. Miongoni mwa waliopigwa risasi walikuwamo watoto wengi.

Katika vitongoji hivyo mtoto hupigwa risasi akiwa anacheza nje, ametumwa dukani, au amelala kwenye nyumba ya mabati ambayo risasi huipenya kama karatasi. Hospitali ya watoto ya Red Cross War Memorial ya Cape Town imezoea kupokea majeruhi wa namna hiyo, wengi wao wakiwa ni watoto waliokumbwa na risasi zisizokuwa zao.

Mwili wa mtoto huumia kuliko wa mtu mzima. Moyo, mapafu, ini na utumbo vimekaribiana, hivyo risasi moja huweza kuharibu viungo kadhaa. Damu nayo ni kidogo. Mtoto wa kilo 15 ana damu inayozidi lita moja kidogo tu, kwa hiyo kiasi ambacho mtu mzima angekipoteza na kuendelea kuongea kinaweza kumuua mtoto. Anayepona anaweza kubaki na ulemavu, na hata asiye na kovu huweza kuota ndoto mbaya, kukojoa kitandani tena au kukataa kwenda shule.

Mzazi aliyesalimisha bunduki yake kwa nia njema hakuwa na namna ya kujua kwamba itarudi mtaani kumfuata mtoto wa jirani. Ndiyo maana ghala la silaha linahitaji watu zaidi ya mmoja wenye ufunguo, hesabu ya mara kwa mara na mkaguzi kutoka nje ya kituo. Wananchi wana haki ya kuliuliza hilo kila wanapoombwa kusalimisha silaha.

Hatari ya mle ndani

Kuna madhara mengine ambayo hayahitaji mwizi. Desemba 2021, eneo la Kabete, Nairobi, askari polisi alimpiga risasi mkewe nyumbani kwao, akatoka nje na kuua watu wengine, kisha akajiua. Bunduki ilikuwa ya kazi.

Ugomvi wa ndoa, madeni, pombe na msongo wa kazi viko kwenye nyumba nyingi. Kinachobadilisha matokeo ni kilichopo karibu mtu anapofikia ukingoni. Wazo la kujiua au kumdhuru mwingine mara nyingi huja kwa kasi na huweza kupita. Bunduki ikiwa chumbani, haliachiwi muda wa kupita.

Ushahidi mzuri unatoka Israel. Hadi mwaka 2006 askari wengi vijana wa nchi hiyo walikuwa wakienda na bunduki nyumbani mwisho wa wiki. Jeshi likabadili utaratibu, bunduki zikaanza kubaki kambini. Watafiti walikuta kuwa kujiua miongoni mwa askari hao kulipungua kwa karibu asilimia 40. Upungufu ulikuwa hasa wa vifo vya risasi vya mwisho wa wiki. Siku za kawaida hazikubadilika sana. Askari walikuwa walewale, na matatizo yao yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni mahali bunduki ilipolala.

Kumwambia mtoto "usiguse" hakutoshi

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto mwenye adabu hatagusa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 uliwahusisha wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12, waliogawanywa katika vikundi 29 na kuachwa kwenye chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi, iliyofichwa kwenye droo. Vikundi 21 viliiona. Kati ya hivyo, 16 viliishika, na katika vikundi 10 mtoto mmoja au zaidi alivuta kifyatulio. Karibu wote walioishika walisema wameshawahi kufundishwa kuhusu hatari ya bunduki. Wengine walidhani ni ya kuchezea.

Umri mdogo nao si kinga. Utafiti mwingine wa mwaka 1995 ulipima nguvu za vidole vya watoto na kukuta kuwa robo ya watoto wa miaka mitatu hadi minne wana nguvu ya kufyatua bastola nyingi. Kwa miaka saba hadi minane, ni tisa kati ya kumi.

Kwa hiyo mtoto afundishwe, lakini ulinzi wake wa kweli ni kufuli ya mtu mzima.

Familia ifanye nini

Kwa askari. Rudisha bunduki ghalani kila zamu inapokwisha, hata kama umebakiza saa chache kurudi. Kama agizo la kazi linakulazimu kuwa nayo, itolewe risasi, ifungiwe, risasi zifungiwe mahali pengine na ufunguo ukae mwilini mwako. Juu ya kabati, chini ya godoro na ndani ya begi si mahali pa siri kwa mtoto. Usipite nayo baa. Ikipotea, toa taarifa saa ileile. Wapo wanaonyamaza siku mbili wakiitafuta kimyakimya kwa kuogopa kufukuzwa kazi, na siku hizo mbili ndizo mwizi anazozihitaji.

Kwa mke au mume wa askari. Una haki ya kuuliza bunduki iko wapi, na kuuliza si kuingilia kazi. Ukiona mwenzako halali, anakunywa kupita kiasi, anazungumzia kufa, anatishia au amebadilika baada ya tukio baya kazini, jambo la kwanza ni bunduki isiwe karibu naye. Zungumza na mkuu wake wa kazi, kiongozi wa dini mnayemwamini, ofisa ustawi wa jamii au daktari. Kama umetishiwa, ondoka na watoto kwanza, mazungumzo yatafuata. Tanzania vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Kumsaidia mtu aliyelemewa hakumwondolei heshima yake.

Kwa kila mzazi. Mfundishe mtoto mambo manne, muyarudie kama wimbo wa shule: akiona bunduki au risasi asimame, asiguse, aondoke, amwambie mtu mzima. Mtoto anapokwenda kucheza au kulala kwa ndugu ambaye ni askari, mlinzi au mmiliki wa silaha, uliza kwa upole inatunzwa vipi. Kama tunavyouliza kuhusu mbwa mkali au kisima kisicho na mfuniko, hili nalo liulizwe.

Ukiokota silaha au risasi. Kwa kweli usiiokote. Wakazi wa Mbagala, baada ya ghala la jeshi kulipuka Aprili 2009, na wa Gongo la Mboto Februari 2011, walijifunza kwa uchungu kwamba vitu vya jeshi hufika hadi uani kwa mtu. Weka alama kwa mbali, zuia watoto na wanaookota vyuma chakavu, kisha toa taarifa kituo cha polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa. Kama silaha iko ndani ya familia na haina kibali, fuatilia matangazo ya usalimishaji wa hiari; serikali imekuwa ikitoa msamaha wa muda kwa wanaojitokeza. Omba uandikiwe namba ya silaha uliyoikabidhi.

Mtu akipigwa risasi. Hakikisha kwanza bunduki haiko tena mikononi mwa mtu na mahali ni salama. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uzito wa mikono yote miwili, bila kufunua kila dakika kuchungulia. Usijaribu kutoa risasi, usimpe chakula wala kinywaji. Mfunike asipate baridi na umkimbize hospitali iliyo karibu. Fomu ya PF3 ina umuhimu wake, lakini damu inayotoka haisubiri fomu: mmoja aende na mgonjwa, mwingine aende polisi.

Kupita kituoni kabla ya kwenda kulala kunamgharimu askari labda nusu saa. Kwa nusu saa hiyo, yeye, watoto wake na watoto wa mtaa ambao hata hawajui wanalala salama. Familia inaweza kumrahisishia kwa jambo dogo tu: chai imsubiri, hata ikipoa itapashwa.